Mstari wa Kwanza Si Sifuri

Kasongo, 8 Oktoba 2023

Mama Naomie,

Mpwa wangu Mado amesimama mlangoni na simu yake, ananihimiza niandike herufi kubwa ili picha ya karatasi isitoke na ukungu. Ukinipigia nasikia upepo tu, kwa hiyo tuendelee hivi: mimi na kalamu, Mado na picha zake, na mtandao wa Kasongo ukiamua kuamka, utanipata.

Baba yako alipita hapa Jumatano. Alikuwa ametoka machimbo ya Lusangi, kule Kabambare, kwa pikipiki, tope mpaka kwenye kope. Hata kuketi hakuketi. Akainama na kupaaza sauti ndani ya sikio langu la kulia, lile linalosikia kidogo:

— Mwalimu, ule mutoto wangu iko anafanya nini kule Ulaya?

Nikamweleza. Anachukua kipande cha dhahabu, anakipiga kwa mwanga wa leza, dhahabu inageuka mvuke.

— Mvuke? Zahabu? Mimi minavunja mugongo ku mutoni siku nzima kwa punje moja, ye anaipuliza mu hewa? Mwalimu, ulimufundisha masomo ao ulimuroga?

Nikamwambia ni kidogo mno, hata jicho haliioni.

— Ya kwangu pia haionekane, akanijibu, lakini mimi minaitafuta. Siichome!

Nilicheka mpaka kikohozi kikanikamata. Baba yako Cirhuza anajifanya mkali, lakini alinisomesha ujumbe wako mara tatu, na kila mara aliuliza: "Wanasema ye ni wa kwanza kutoka huku kusoma hivi?"

Sasa nieleze kama mwanafunzi anayeandika mtihani. Umesema mistari imetokea. Imetokea vipi, na hesabu yake unaianzia wapi? Usiniambie ni vigumu kueleza. Mambo yanayoeleweka yanaelezeka.

Mimi sijambo. Kikohozi cha mvua za kwanza, basi.

Mwalimu wako,
Octave Muzaliwa


Liège, 21 Oktoba 2023

Papa Mwalimu,

Kalamu juu ya meza, mtihani unaanza.

Tuna chombo cha chuma chenye ukubwa wa pipa, tumekinyonya hewa yote. Ndani yake leza inagonga dhahabu, na papo hapo gesi ya arigoni inapulizwa kupitia tundu dogo. Ikitoka kwenye tundu inatawanyika na kupoa, baridi ambayo mtu wa kwetu Kabambare asingeiamini. Ni katika baridi hiyo tu ndipo maajabu yanapotokea. Arigoni ni gesi adimu, haitaki kushikana na kitu chochote, ndivyo ulivyotufundisha. Lakini pale, atomi moja ya arigoni inaegemea atomi moja ya dhahabu na kukaa. Ukiipasha moto kidogo tu, inaondoka.

Halafu nawapiga wale wawili kwa mwanga mwingine, ambao rangi yake naibadilisha polepole. Rangi nyingi zinawapita. Ghafla inakuja moja wanayoimeza, na kwenye kioo changu unasimama mstari. Rangi nyingine, mstari mwingine. Ni ngazi, Papa, kama ulivyoichora ubaoni: kila kidato ni mtetemo mmoja zaidi wa dhahabu na arigoni. Ukijua kidato cha chini kabisa, unajua shimo walimokaa lina kina gani, yaani wameshikana kwa nguvu gani. Tasnifu yangu yote ni hiyo namba moja.

Na hapo ndipo pana ugomvi. Profesa Elsa, anayenisimamia, hakubali hesabu yangu. Mimi nimeuita mstari wa kwanza ninaouona kidato cha sifuri. Yeye anasema huenda kuna vidato vingine chini yake ambavyo mwanga haukuvifikia. Wenzetu wanaopiga hesabu kwa kompyuta nao wanapata shimo lenye kina zaidi ya langu. Anataka niache arigoni nirudie kila kitu kwa gesi nyingine, kriptoni. Ni miezi, Papa, na natetea tasnifu mwezi wa tano!

Nimemkatalia. Nilimwambia: "Mwalimu wangu aliuona." Nilimweleza jinsi ulivyosimama mbele yetu, chaki mkononi, ukasema: "Nilikuwa Liège, kwa zebaki na arigoni. Niliuona kwa macho yangu. Giza upande huu, halafu mstari mmoja, halafu ngazi yote. Na mstari wa kwanza ndio sifuri." Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na siku ile nikajua nitakuwa nani.

Elsa akasema: "Vizuri. Mwambie aandike ukurasa mmoja, alitumia chombo gani na aliona nini. Akiniridhisha, nanyamaza."

Kwa hiyo nakuomba ukurasa huo, Papa. Mmoja tu. Umfunge mdomo!

Binti yako wa darasani,
Naomie Cirhuza


Kasongo, 12 Novemba 2023

Mama Naomie,

Mtihani umepita kwa alama za juu. Maelezo yako nimeyasoma na kuyarudia.

Mkono unatetemeka siku hizi, na mambo ya zamani yanataka mkono uliotulia. Huyo Profesa Elsa anaonekana ni mtu makini. Msikilize anapozungumza, hata kama humkubali. Kriptoni si gesi mbaya.

Mvua imevunja daraja dogo la njia ya Wamaza. Watu wanabeba pikipiki mabegani kuvuka, halafu pikipiki inawabeba wao.

Nitaandika tena.

Octave


Kasongo, 19 Novemba 2023

Dada Naomie,

Mimi ni Mado. Mjomba hajui kama ninakuandikia, na ukimwambia nitakataa mbele ya watu wote.

Si kikohozi cha mvua. Daktari anasema ni moyo, umechoka na hauna spea. Hakutupa muda mrefu. Mjomba amekataza usiambiwe mpaka umalize kutetea, anasema mtu hapandi mlima akiwa amebeba mgonjwa.

Lakini kuna jambo lingine silielewi. Tangu ulipomuomba ule ukurasa, anaandika na kuchana. Jana nimefagia karatasi za kujaza kikapu. Nikamuuliza: "Mjomba, si uandike ulichoona tu?" Akanitazama kama nimemtukana, kisha akasema: "Mado, hapo ndipo tatizo lilipo." Halafu akageukia ukutani.

Wewe unajua ni nini? Kama unajua, mpunguzie.

Mado


Liège, 26 Novemba 2023

Papa Mwalimu,

Natumaini kikohozi kinapungua. (Kunywa maji ya moto, na usibishane na Mado.)

Nisamehe kwa ule ukurasa. Nilikuwa nakupa kazi ya ziada kwa ajili ya kiburi changu. Usiandike. Nimepata njia nyingine, nayo naiona nzuri zaidi.

Sura ya tatu ya tasnifu nimeanza kuiandika upya, na ndani yake nimeweka: "Kwa mujibu wa aliyoyashuhudia Octave Muzaliwa, Liège, 1982, hesabu ya vidato inaanzia mstari wa kwanza unaoonekana." Jina lako liko hapo, Papa, limechapwa, na watu wa mbali watalisoma. Elsa ameguna, lakini amesema tasnifu ni yangu na anayesimama mbele ya wapimaji ni mimi. Nakabidhi sura hiyo baada ya Krismasi.

Nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza, lakini nimeshindwa kuivumilia.

Naomie


Kasongo, 6 Desemba 2023

Naomie,

Futa jina langu.

Nimekaa na sentensi yako siku nzima. Ni nzuri, imenyooka, na ni ya uongo. Uongo huo si wako, ni wangu, nami ninakufa. Mado ameshakuambia, najua, maana hujawahi kunihimiza ninywe maji ya moto. Kwa hiyo sina tena sababu ya kupamba.

Sikuuona mstari huo. Sikuuona wa kwanza wala wa mwisho. Sijawahi kuona mstari hata mmoja, maisha yangu yote.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwaka 1982 nilikuwa Liège kwa msaada wa masomo, kijana mwenye koti moja. Walinipokea kwenye labo ya utafiti iliyokuwa inajenga chombo cha kushikanisha zebaki na arigoni. Chombo kilikuwa tayari, ila kilikuwa kinavuja. Unajua maana yake: hewa ikiingia kwa tundu dogo kuliko ncha ya sindano, hakuna baridi, na pasipo baridi hakuna kinachoegemeana na kitu. Kazi yangu ilikuwa kutafuta uvujaji. Nilikuwa na chupa ya alikoli, yaani spiriti, na brashi ya kupakia rangi. Napaka alikoli kwenye kiungo kimoja, naangalia mshale wa kipimo: ukiruka, tundu liko hapo. Haujasogea? Nenda kiungo kingine. Nilipopata tundu moja na kuliziba, kipimo kilinionyesha kwamba kuna lingine. Nilizunguka chombo kile majira ya baridi yote, kisha majira ya joto, kisha baridi tena.

Halafu msaada wa masomo ukakatwa, na nikaambiwa nirudi nyumbani. Chombo kilikuwa bado kinavuja kidogo. Baada ya msimu mmoja wa mvua nikapata kadi kutoka kwa mwenzangu wa labo, neno moja tu: "Tumeiona." Waliiona mistari, na katika "tu" hiyo mimi sikuwemo.

Kabla ya kadi hiyo, siku niliyofika Kasongo, walinipokea kwa nyimbo. Mama yangu alikuwa na kitenge kipya. Juma lililofuata nikaingia darasani, na kijana mmoja mbele akanyanyua mkono: "Mwalimu, muliona?" Watoto wote walikuwa wananitazama, na wakubwa wengine walikuwa wamesimama madirishani. Ningeweza kusema: nilipaka alikoli. Nikasema: "Niliona."

Ukishasema uliona, watu watataka kujua kilivyokuwa. Nikatunga. Giza upande huu, mstari, ngazi. Na kwa kuwa ngazi ninayoijua mimi ni ile ya kupandia dari, ambayo kidato chake cha kwanza kiko karibu na ardhi, nikaongeza: mstari wa kwanza ndio sifuri. Nilifurahia jinsi sentensi ilivyosikika. Nimeirudia kwa kila darasa, mwaka hadi mwaka, mpaka nikaanza kukumbuka giza lile.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo ninapokudai akili yako yote. Mtu aliyeuona kweli asingesema hivyo. Nilipofika kwenye maneno ya Profesa Elsa katika barua yako, niliona ukweli mara moja, kama mtu anayewasha taa na kukuta mlango haujafungwa. Fikiri. Dhahabu na arigoni, kabla hujawapiga mwanga, wamesimama wametengana, maana wanashikana kidogo tu. Mwanga ukiwapiga, wanaingia katika hali ambayo wanataka kukaribiana sana. Lakini mwanga ni wa ghafla. Hauwapi nafasi ya kusogea. Unawakuta wametengana na kuwaacha wametengana. Basi watatuaje kwenye kidato cha chini, ambako mtu lazima awe karibu? Watatua juu, wanatetemeka kwa nguvu. Vidato vya chini vipo, ila hakuna anayetua pale. Mstari wako wa kwanza si sifuri, Naomie. Unaweza kuwa wa pili, unaweza kuwa wa tano. Mimi sijui.

Na dhahabu haitakuambia. Dhahabu yote ya dunia ina atomi za uzito mmoja, na arigoni ni karibu hivyo hivyo. Huna cha kulinganisha. Kriptoni ndiyo yenye atomi za uzito mbalimbali, nyepesi na nzito zimechanganyika. Nzito inatetemeka polepole kidogo kuliko nyepesi, na tofauti hiyo inakua kadiri unavyopanda kidato. Pima tofauti hiyo, utajua umesimama juu kiasi gani. Elsa alikuwa sahihi tangu mwanzo, nami ndiye niliyekuwa nimesimama kati yenu, mtu ambaye hakuwepo.

Ungeingia mbele ya wapimaji na sentensi yangu mkononi, wangekuangusha, na ungeanguka kwa ajili yangu. Hiyo ndiyo iliyonitoa ukutani.

Sikuombi unisamehe kabla ya kazi. Fanya kazi kwanza.

Octave Muzaliwa


Liège, 20 Desemba 2023

Mwalimu,

Nimesoma.

Nilimpandishia sauti mwanamke pekee aliyenipigania hapa, kwa ajili ya kitu ulichotunga ili uonekane mzuri mbele ya madirisha. Nililia chooni kwenye labo, kisha nikaenda kugonga mlango wake na kumwambia kila kitu. Unajua jinsi ilivyo, kumwambia mzungu kwamba mwalimu wako alidanganya? Ilikuwa kama kumvua mzazi nguo barabarani.

Hakucheka. Aliuliza: "Alitafuta uvujaji kwa brashi, miaka miwili?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Nipe muda niagize kriptoni."

Sitaandika mpaka niwe na kitu cha kuandika. Usife.

Naomie


Liège, 2 Machi 2024

Papa Mwalimu!

Nne!

Mstari niliouita sifuri ni kidato cha nne. Chini yake kuna vidato vinne ambavyo hakuna aliyewahi kuviona, na mimi nimevihesabu!

Sikiliza jinsi ilivyokuwa. Chombo kilikataa mwezi mzima wa Januari. Dhahabu ilitoka, kriptoni ilitoka, ila hawakushikana. Baridi haikutosha. Elsa akasema tubadilishe tundu, tukabadilisha. Tubadilishe kipande cha dhahabu, tukabadilisha. Mwishowe nikakaa sakafuni na kujiuliza ungefanya nini wewe. Nikaenda kuchukua alikoli na brashi. Siku hizi kuna mashine ya kutafuta uvujaji, lakini ilikuwa mbovu na fundi alikuwa likizo. Wenzangu walicheka: "Naomie anapaka chombo vipodozi!" Kiungo cha tisa, mshale ukaruka. Waliacha kucheka.

Kesho yake asubuhi mistari ikasimama. Na kila mstari, Papa, haukuwa mmoja. Kila uzito wa kriptoni ulikuwa na wake, tukiutenganisha: mwepesi hapa, mzito pembeni yake. Kwenye mstari wa kwanza walikuwa karibu karibu, kwenye wa pili wameachana kidogo, wa tatu zaidi, kama watu wanaotembea njia moja kwa miguu tofauti. Nikarudisha hesabu nyuma, chini, chini, mpaka pale ambapo wote wangekutana. Vidato vinne vya kurudi. Nikarudia na kupata vile vile. Elsa akahesabu peke yake chumbani kwake bila kuniambia, akatoka na karatasi imeandikwa 4, kubwa, akaibandika mlangoni.

Arigoni haina uzito wa kulinganisha, kwa hiyo ngazi yake nikaipima kwa ile ya kriptoni: nayo inaanzia nne. Shimo lina kina kirefu zaidi, na sasa tunakubaliana na watu wa kompyuta. Gesi isiyotaka kushikana na kitu imeshika dhahabu kuliko tulivyodhani!

Nimempelekea Mado picha ya mistari. Ile mirefu ni dhahabu na kriptoni. Mwambie aikuze kwa vidole.

Bado nina hasira kidogo. Lakini haina nafasi ya kukaa, nimejaa furaha.

Naomie


Kasongo, 10 Machi 2024

Mama Naomie,

Mado aliikuza kwa vidole. Niliishika simu karibu na pua, nikaona.

Ni tofauti na nilivyotunga. Mimi nilisema giza, kumbe hakuna giza. Kuna mchanga mchanga wa kelele chini, na mistari inachomoka humo kama majani ya mihogo baada ya mvua. Na inapungua nguvu upande wa kushoto, polepole, bila kukatika kama kwa kisu. Mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba inaendelea kule isikoonekana. Nilimwambia Mado: "Tazama kushoto. Hapo ndipo nilipodanganya." Akasema: "Mjomba, mimi naona meno ya kitana tu."

Baba yako amekuja tena. Nilimwonyesha. Akaitazama kwa muda.

— Hii ndio zahabu?

— Ndiyo, ikishikana na gesi.

— Na mutoto wangu ndiye aliiona?

— Yeye.

Akanyoosha mgongo, akamgeukia Mado:

— Kule Lusangi wako wazee wamechimba miaka makumi tatu. Nani ameona zahabu inashikana na hewa? Waambie!

Mado hakuwa na mtu wa kumwambia, lakini alitoka nje akawaambia majirani.

Nasikia vizuri zaidi mwezi huu, au labda watu wanapaaza sauti zaidi. Maumivu yapo. Hayaniongozi.

Mwalimu wako, ukipenda kuniita hivyo,
Octave


Liège, 17 Mei 2024, asubuhi

Papa Mwalimu,

Naingia saa nne. Nimevaa kitenge alichonitumia mama kutoka Kabambare. Elsa amesema wapimaji watatu wanajua sana mambo ya vidato na watanibana hapo hapo.

Nimeandika upya sura ya tatu. Jina lako limetoka pale lilipokuwa, kama ulivyoagiza. Limeingia mahali pengine, na hapo huna ruhusa ya kulifuta: "Chombo cha kwanza cha aina hii mjini hapa kilizibwa uvujaji na Octave Muzaliwa, 1982–1983. Mbinu yake ndiyo iliyotumika katika sura hii." Elsa alitafuta karatasi za zamani za labo ile akathibitisha. Si uongo hata herufi moja.

Naenda. Ita watu.

Naomie


Kasongo, 26 Mei 2024

Daktari Naomie,

Niache niandike neno hilo tena: Daktari Naomie Cirhuza, wa Lusangi.

Niliita watu. Tulikuwa watu kumi na zaidi, baba yako katikati na simu ya Mado imeegemezwa kwenye sufuria. Picha ilikwama kila mara. Tulikuona umefungua mdomo, kisha umeufunga, kisha umefungua tena. Mimi sikusikia neno hata moja. Mado alikuwa ananiandikia kwenye ubao mdogo: "Wanamuuliza mstari wa kwanza." Baadaye: "Anajibu." Baadaye: "Mzee wa ndevu anatikisa kichwa." Nikamuuliza, anatikisa hivi au hivi? Akaandika: "Sijui, imekwama."

Basi tukakaa pale, Naomie, watu wote wamekodolea macho ndevu zilizokwama, na moyo wangu mbovu ukifanya kazi ya mioyo miwili. Halafu nikaona Cirhuza akiruka. Mtu mzima, mwenye magoti ya mchimbaji, aliruka mpaka sufuria ikaanguka. Akina mama wakafungua midomo na nikajua ni vigelegele. Sikuhitaji ubao. Baba yako alinikamata kichwa kwa mikono miwili na kunipigia kelele sikioni, na nilimsikia kuliko nilivyowahi kusikia mtu:

— Daktari! Daktari iko wa kwangu! Na ye alichoma zahabu, achome tena!

Sasa nikuambie nilichofanya jana, kabla Mado hajakuambia kwa namna yake.

Nilijua nina kazi moja imebaki. Nikamwambia Mado aite pikipiki. Alikataa, akalia, kisha akaita. Walinikalisha kati ya dereva na yeye, wakanifunga kwa kitenge kama mzigo wa chumvi, tukaenda mpaka shule. Mkuu wa shule alinipa kiti mbele ya darasa la sita la sekondari. Hawa sikuwafundisha mimi, lakini sentensi yangu wanayo. Waliachiwa na walimu niliowafundisha. Niliwauliza: mstari wa kwanza ni nini? Wakajibu wote kwa pamoja, nami nikaona midomo yao: sifuri.

Nikawaambia hapana. Nikawaambia nani alisema uongo huo, na kwa nini, na nani aliusahihisha, na kwa namba gani. Nilichora ngazi kwa chaki, vidato vinne vya chini kwa nukta nukta, kwa sababu vipo ila havionekani. Mkono haukutetemeka. Hakuna aliyecheka. Wengine waliandika haraka kama vile ningefutwa pamoja na ubao.

Halafu msichana mmoja wa nyuma, Cécilia, binti wa wakulima wa njia ya Wamaza, akanyanyua mkono. Nilimwita aje karibu na sikio langu. Akasema:

— Mwalimu, kama mwanga moja haiwafikishe kule chini, si tuwapeleke kwa mbili? Ya kwanza iwafikishe mahali pa katikati, wakaribiane kidogo. Kisha ya pili iwashushe.

Naomie, nilimtazama mtoto yule. Midomoni nilikuwa na neno lile lile la zamani, tayari, limekaa vizuri: ndiyo, niliona. Nikasema:

— Sijui. Sijawahi kuona. Lakini ninamjua anayejua, na yuko hai, na leo ni daktari.

Darasa likapiga makofi, na kwa mara ya kwanza makofi hayo hayakuwa yangu. Nimeyafurahia kuliko yale yote niliyoyaiba.

Anwani yake Mado ataiandika chini ya karatasi hii. Mwandikie wewe mwenyewe, kwa kina, kama mtu anayeandikia mwenzake wa labo. Je, wazo la mianga miwili linawezekana? Kama linawezekana, mwambie aje kwako Liège. Usichelewe kumjibu.

Octave Muzaliwa
mtafuta uvujaji, Liège na Kasongo